Kuorodhesha visima, shule na vyanzo vya maji karibu na ardhi iliyochafuka: mwongozo kwa Mombasa

Tangi la petroli likivuja chini ya kituo cha mafuta, betri kuukuu zikayeyushwa uani, au jaa la taka likanyeshewa masika baada ya masika, uchafu huteremka hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Hapo swali la haraka kuliko yote ni hili: nani anayatumia maji hayo, na anayapata wapi? Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulijibu hapa Mombasa kwa vifaa vinavyopatikana: simu yenye GPS, tepu ya chuma ya fundi, chaki, daftari, na watu wawili wenye subira ya kutembea.

Njia iliyozoeleka ni kuchora duara kwenye ramani kisha kuhesabu vilivyomo. Nchini Marekani, utaratibu wa serikali wa kupima uzito wa maeneo yaliyochafuka huhesabu watumiaji wa visima hadi maili 4, yaani karibu kilomita 6.4. Duara la ukubwa huo ukilianzishia Majengo litakimeza kisiwa kizima, livuke hori la Tudor na Kilindini, liingie Kisauni na Likoni, na hutajua uanze na mlango gani. Tena maji ya Mombasa hayatulii ndani ya duara. Hutekwa kisimani alfajiri, yakapakiwa mkokotenini kwa mitungi ya lita 20, na kufikia saa tatu asubuhi yako kwenye pipa la jikoni la shule iliyo mtaa wa pili au wa tatu. Duara likusaidie kuanza tu. Kazi yenyewe ni kuyafuata maji mpaka kwenye kikombe.

Ujue mwamba unaoukanyaga

Sehemu kubwa ya kisiwa, Nyali na ukanda wa ufuoni wa Bamburi umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huu umetafunwa na maji kwa maelfu ya miaka na umejaa mianya na mapango. Uchafu ukishaingia kwenye mwanya hauchujwi na chochote. Unaweza kwenda makumi ya mita kwa siku, ukakiruka kisima cha jirani na kutokea kisima cha mbali. Kwa hiyo kisima safi kilicho mita 40 kutoka kwenye chanzo cha uchafu hakikuambii lolote la hakika kuhusu kile kilicho mita 300. Hili ndilo kosa linalowapoteza wengi: wanapima kisima kimoja cha karibu, wanakikuta kizima, wanafunga daftari.

Nyuma ya matumbawe, kama vile sehemu za ndani za Kisauni, kuna mchanga. Humo maji huenda taratibu, na uchafu hujinyoosha kama ulimi kuelekea upande mmoja. Magharibi, yaani Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini, chini kuna mwamba wa udongo ulioshikamana usiopitisha maji vizuri. Visima ni vichache na mara nyingi vina chumvi, na uchafu husafiri zaidi juu ya ardhi, kwa mitaro na mabonde, hadi horini. Huko usiishie kwenye visima, fuata mtaro. Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014 kikipakana na nyumba za watu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Madini ya risasi hayakungoja kisima yawafikie watu: moshi, vumbi na maji machafu yaliyotoka kiwandani vilitosha.

Chora mpaka wa eneo

Usiweke nukta moja katikati ya kiwanja ukaanza kupimia hapo. Kiwanja cha ekari mbili kina upana wa karibu mita 90, na hizo ni mita zinazotosha kukiondoa kisima kwenye orodha kimakosa. Zunguka ukuta kwa miguu, chukua vipimo vya GPS kwenye kila pembe, kisha ongeza vilivyo nje ya ukuta: mdomo wa mtaro unaotoa maji ya kiwanda, shimo la kunyonya maji taka, mahali magari ya mafuta hupakulia, na rundo la taka lililotupwa upande wa pili wa njia. Waliowahi kufanya kazi hapo hujua tangi la zamani lilizikwa wapi. Waulize, kwa sababu ramani za kampuni nyingi huonyesha tangi jipya tu. Umbali wote utaupima kutoka ukingo wa mpaka huu.

Kisha jua ni uchafu gani, maana kila mmoja una mwendo wake. Petroli na dizeli huelea juu ya maji, kwa hiyo visima vifupi vya kuchimbwa kwa mkono huathirika kwanza. Vimumunyisho vya kuondoa grisi kwenye gereji na vya kufulia nguo kavu ni vizito kuliko maji: huzama, na vinaweza kufika kwenye visima virefu vya mashine huku kisima kifupi cha jirani kikiwa hakina dalili. Risasi hunata kwenye udongo, lakini asidi ya betri huilegeza ikasafiri. Naitreti inayotoka vyooni na majaani haishikwi na kitu; inakokwenda maji, nayo huenda.

Sasa chora pete. Kwenye matumbawe, tunapendekeza mita 500 pande zote bila kuuliza maji yanaelekea wapi, halafu kilomita 1.5 kwa upande wa mteremko wa maji, yaani upande maji ya chini yanakoelekea (jinsi ya kuupata iko mbele). Kwenye mchanga, mita 250 pande zote na kilomita 1 kwa upande wa mteremko zinatosha kuanzia. Pete ikifika horini au baharini, ikate hapo, kwa sababu maji ya juujuu ya ardhini hutokea ufukoni na hayavuki kwenda ng'ambo. Lakini ufuo wenyewe uingie kwenye orodha. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, ngoja ipwe kabisa, tembea ukingoni uangalie mahali maji baridi yanapobubujika mchangani au kwenye nyufa za mwamba. Wavuvi wanazijua chemchemi hizo na wengine huogea na kunywa hapo. Ziandike kama vyanzo, zipewe namba kama kisima.

Kazi ya mezani, siku moja tu

Ramani huria ya OpenStreetMap inaonyesha shule nyingi za Mombasa na baadhi ya misikiti. Picha za setilaiti huonyesha matangi meusi ya maji juu ya minara. Mnara mrefu kwenye ua usio na hoteli wala kiwanda mara nyingi una kisima chini yake. Mamlaka ya Rasilimali za Maji huweka kumbukumbu za visima virefu vilivyoombewa kibali. Ofisi ya afya ya umma ya kaunti huwa na majina ya visima vilivyowahi kuwekewa klorini au kupimwa wakati wa kipindupindu, na orodha hiyo ni dhahabu kwa sababu ina visima vifupi ambavyo hakuna aliyeviombea kibali. Ofisi ya elimu itakupa shule zilizosajiliwa.

Ukitumia ramani za karatasi za zamani za Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji, angalia zimejengwa juu ya mfumo gani wa kuonyesha mahali. Nyingi zimetumia Arc 1960, ilhali simu yako inatumia WGS84, na tofauti baina ya mifumo hiyo hapa kwetu ni karibu mita 300. Kisima kitahama mtaa mzima bila wewe kujua.

Usikae mezani zaidi ya siku moja. Orodha za ofisini hazitakuonyesha kisima kilicho ndani ya ua, chini ya bamba la zege, kando ya jiko.

Kupita mtaani

Anza kwa chifu au naibu wake, kisha mzee wa mtaa, kisha imamu au mchungaji. Nenda na barua inayosema nani anafanya kazi hii na kwa nini. Mwenye kisima ana hofu mbili za haki: kwamba umekuja kumtoza kwa kutokuwa na kibali, au umekuja kumfungia riziki. Ukiingia bila mtu anayeaminika mtaani utaambiwa "hapa hatuna kisima" huku kamba ikining'inia kwenye kapi nyuma ya mlango.

Piga hodi, salimu vizuri, na usianze kwa kuuliza "mna kisima?" Uliza:

"Shikamoo mama. Siku mgao wa maji haujafika, ya kufulia mnatoa wapi? Na ya kupikia? Na ya kunywa?"

Maswali hayo matatu yaulize moja moja. Mtu atakwambia kwa unyofu kwamba anakunywa maji ya bomba, na ni kweli, lakini wali unapikwa kwa maji ya kisima na mtoto anaogeshwa kwayo. Kisima chenye chumvi kidogo hakihesabiwi na wenyeji kuwa "maji ya kunywa," na bado kinatumika kila siku. Uliza pia kama kulikuwa na kisima kilichofukiwa au kuachwa. Kisima kilichoachwa bila kufukiwa vizuri ni njia ya mkato inayopeleka uchafu wa juu moja kwa moja kwenye maji, hivyo kiandike hata kama hakuna anayekitumia.

Misikiti iwe kwenye ratiba yako mapema. Mingi ya Mji wa Kale na mitaa ya zamani ina kisima chake cha maji ya udhu, na majirani huteka hapo bomba likikauka. Ongeza sehemu za kuoshea magari, madobi, mafundi wa matofali na bustani za mboga. Hawa hawanywi, lakini pampu zao kubwa huvuta maji ya chini kuelekea kwao, na uchafu ukafuata.

Kwa kila chanzo, andika mambo haya papo hapo, usiyaachie kumbukumbu:

- namba yake (K01, K02 na kuendelea), iliyopigwa picha ikiwa kwenye kikaratasi kando ya kisima
- aina: cha mkono, cha mashine, chemchemi, kioski, tangi
- kina hadi kwenye maji na kina chote, kwa mita
- kuna mfuniko, ukingo wa zege na kapi, au pampu ya umeme. Ukingo una ufa?
- matumizi: kunywa, kupika, kufua, kuuza, udhu
- nyumba ngapi, na kama kuna mtoto wa chini ya miezi 6
- umbali hadi choo cha shimo kilicho karibu zaidi, na upande kilipo
- harufu, rangi, utando wa mafuta, na lini ulianza

Hilo la choo watu huliruka, na baadaye linawagharimu. Ukikuta naitreti au vimelea kwenye kisima kilicho mita 8 kutoka chooni, huwezi kulitupia jaa la taka lawama yote. Ukiwa na umbali huo kwenye daftari, utajua ni kisima gani kinaweza kutoa ushahidi na kipi kinahitaji tu kulindwa.

Usiingie kisimani, wala usimruhusu mtu aingie kwa ajili ya kazi yako. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni, na penye mvuke wa petroli cheche moja inatosha. Ukisikia harufu ya mafuta, asiwepo wa kuwasha kiberiti wala kuinamisha kichwa kunusa.

Namba za GPS zinavyodanganya

Simama karibu na kisima mahali penye anga wazi, ngoja dakika moja au mbili mpaka simu itulie, ndipo uandike. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale kuta ndefu huvuruga ishara na kosa linaweza kupita mita 20. Huko toka hadi kwenye uwazi ulio karibu, chukua kipimo, kisha hesabu hatua na upande hadi kisimani.

Tumia digrii za desimali zenye tarakimu 5 baada ya nukta. Mombasa iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo huanza na alama ya kutoa: karibu -4.05, na longitudo karibu 39.67. Ukiisahau alama hiyo, kisima chako kitaonekana Ethiopia. Ukibadilisha nafasi za namba mbili, kitahamia Uhispania. Makosa haya mawili yamo karibu kila orodha iliyojazwa kwa haraka, na njia rahisi ya kuyanasa ni kuziweka nukta zote kwenye ramani jioni ileile.

Umbali unaweza kuupata kwa hesabu ya shule. Hapa karibu na ikweta, 0.001 ya digrii ni takriban mita 111, iwe kaskazini-kusini au mashariki-magharibi. Tuseme ukingo wa eneo na kisima vinatofautiana kwa 0.0027 upande mmoja na 0.0036 upande mwingine. Hiyo ni mita 300 na mita 400. Mraba wa 300 ukijumlishwa na mraba wa 400 ni 250,000, na kipeuo chake ni 500. Kisima kiko mita 500.

Maji yanaelekea wapi

Kwa jumla maji ya chini hutoka ardhi ya juu kuelekea bahari au hori lililo karibu. Kisiwani maana yake ni kutoka katikati kwenda pande zote. Lakini usitegemee jumla. Chagua visima vitatu visivyopangana kwenye mstari, upime.

Paka chaki mita ya mwisho ya tepu. Ishushe kisimani mpaka ncha iingie majini, na uishike ukingoni kwenye alama ya mita kamili, tuseme 9. Itoe, soma palipolowa: kama ni sentimita 35, maji yako mita 8.65 chini ya ukingo. Rudia mara mbili. Tofauti ikizidi sentimita 1, rudia tena. Baada ya kila kisima osha tepu kwa sabuni, kisha kwa maji yenye kijiko kikubwa cha dawa ya klorini katika lita 10, na suuza kwa maji safi. Anza na visima unavyovidhania safi, umalize na vichafu, ili usiwe wewe unayebeba uchafu.

Kina peke yake hakitoshi, kwa kuwa ukingo mmoja uko juu ya mwinuko na mwingine bondeni. Urefu unaoonyeshwa na simu haufai hapa. Hukosea mita nyingi, na mteremko unaoutafuta ni wa sentimita. Mwite fundi mwashi na mpira wake wa maji, ule wa kusawazishia msingi, mhamishe kimo kutoka ukingo hadi ukingo kwa vituo. Ni kazi ya nusu siku. Penye umbali mkubwa, mpimaji mwenye darubini ya levo ataimaliza haraka zaidi.

Ukishatoa kina kwenye kimo cha ukingo, unapata kimo cha maji. Mfano: A ni mita 2.40, B ni 1.90, C ni 2.10, na kutoka A hadi B ni mita 200. Kati ya A na B maji yameshuka sentimita 50. Kimo cha 2.10 kiko baada ya kushuka sentimita 30, yaani sehemu 0.6 ya njia, mita 120 kutoka A. Unganisha nukta hiyo na C: huo ni mstari wa kimo kimoja. Maji yanaukata mstari huo kwa pembe mraba, kuelekea upande wa B.

Sasa jambo la bahari. Kilindini maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, na visima vya karibu na ufuo hupumua pamoja nayo. Ukipima A asubuhi na B alasiri, umepima bahari, hukupima mteremko. Pima vyote vitatu ndani ya saa moja, andika saa na hali ya bahari, kisha rudia saa sita baadaye. Mshale wa uelekeo wa maji ukigeuka, tumia pande zote mbili na upanue pete yako. Chagua siku za maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana, ukitaka kipimo kilichotulia. Pia hakikisha pampu za jirani zimezimwa kwa saa kadhaa. Pampu ya sehemu ya kuoshea magari inaweza kukuchorea mshale wa uongo.

Shule

Orodha ya ofisi ya elimu itakuachia mapengo makubwa: chuo cha Qurani kilicho ghorofa ya chini ya nyumba, chekechea ya vyumba viwili, shule ya kibinafsi iliyohama mwaka jana, na akina mama wanaolea watoto wa majirani. Vitafute kwa kusimama njia panda saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone sare zinaelekea wapi, na tena alasiri watoto wanapokwenda chuoni.

Pima kutoka ukingo wa eneo lililochafuka hadi ukingo wa kiwanja cha shule, si hadi bango la langoni. Kisha zungumza na mwalimu mkuu, halafu na mpishi na mlinzi, ambao ndio wanaojua maji yanatoka wapi hasa. Andika idadi ya wanafunzi, wanaolala, walio chini ya miaka 6, kama chakula hupikwa hapo, kama kuna kisima, tangi la lita ngapi na nani hulijaza. Tangi linalojazwa na bomba Jumanne na Ijumaa, na kisima siku nyingine, liandikwe kuwa na vyanzo viwili.

Watoto wanatangulia kwa sababu miili yao hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko ya watu wazima kutoka chanzo kilekile. Na penye watoto wa shule, mwulize mwalimu wanacheza wapi. Udongo wa uwanja unaweza kuwa na hatari kuliko kisima.

Maji yanayosafiri

Sehemu hii ndiyo inayoachwa, na ndiyo yenye watu wengi zaidi. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima, Marere, Baricho na Tiwi. Kwa hiyo mfereji wenyewe hauchoti maji ya chini ya mtaa wako. Lakini mgao ukikatika, bomba lililopasuka chini ya ardhi hubaki bila msukumo na hunyonya maji yanayolizunguka. Bomba jeusi la plastiki laini likipita kwenye udongo uliolowa petroli, petroli hupenya ukuta wake hata bila ufa. Andika basi mahali bomba kuu linapopita ndani ya eneo, na nyumba zilizo mwisho wa tawi hilo.

Kwa wauza maji, amka mapema. Saa kumi na moja alfajiri simama karibu na kila kisima kinachouza na uhesabu mikokoteni mpaka saa nne. Ongea na wasukuma mikokoteni kwa heshima, uwaulize wanakopeleka. Wanajua wateja wao kwa jina la mtaa na rangi ya geti. Tuseme umehesabu mikokoteni 12, kila mmoja mitungi 20: ni mitungi 240, lita 4,800. Ukikadiria lita 20 kwa mtu kwa siku, mikokoteni ya kisima kimoja inahudumia watu 240, ilhali nyumba yenye kisima ina watu 9. Ukiandika 9, umewapoteza hao 240.

Fanya vivyo hivyo kwa maboza. Dereva akuambie anajazia wapi, maana boza lililojaza ndani ya pete linaweza kumwaga maji kwenye tangi la shule iliyo kilomita 6. Shule hiyo iingie kwenye orodha yako kwa namba ya kisima, hata kama duara halijaigusa.

Kuchagua pa kuchukua sampuli

Fedha hazitatosha kupima vyote. Tanguliza shule na chekechea zenye kisima, nyumba zenye watoto wachanga, visima vinavyouza, kisha kisima kimoja kilicho upande maji yanakotokea kabla ya kufika kwenye eneo, kwa kulinganisha. Kila kundi la uchafu lina chupa yake: kwa risasi, chupa safi ya plastiki iliyotiwa asidi ya naitriki na maabara; kwa vimelea, chupa iliyotakaswa, ikae kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 24, na ikiwezekana ndani ya saa 6; kwa petroli, chupa ndogo za kioo za mililita 40 zilizojazwa hadi mdomo bila povu hata moja, kwa sababu benzini, kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, hukimbilia kwenye hewa iliyobaki. Penye pampu, acha maji yatoke dakika 5 hadi 10 kwanza. Ukitaka kujua risasi ya mabomba ya shule, fanya kinyume: chukua maji ya kwanza ya asubuhi kabla ya mtu kufungua mfereji. Ofisi ya Mkemia wa Serikali ipo hapa Mombasa. Waulize chupa na siku za kupokea kabla hujachota.

Majibu yakija, vipimo vya Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita kwa risasi, 10 kwa benzini, miligramu 50 kwa lita kwa naitreti, na E. koli, bakteria wa kinyesi, isiwepo hata moja katika mililita 100. Waambie watu waziwazi kwamba kuchemsha huua vimelea lakini hakuondoi risasi wala naitreti. Maji yakipungua sufuriani, vyote viwili huzidi kukolea, na mtoto wa chupa ndiye anayeumia.

Orodha na anayepaswa kuiona

Weka jedwali moja lenye mstari mmoja kwa chanzo, na jedwali la pili linalounganisha chanzo na watumiaji, maana kisima kimoja kina shule tatu na shule moja ina vyanzo viwili. Majina na namba za simu za wenye nyumba yakae kwenye faili tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata ukiwa kikundi cha mtaa. Mtu ambaye hakushiriki arudie chanzo kimoja katika kila kumi. Akikuta tofauti ya zaidi ya mita 20 au matumizi tofauti kwenye zaidi ya kimoja au viwili, mtaa huo upitiwe upya.

Mwenye kisima apate majibu yake kwanza, kwa mdomo na kwa maandishi, kabla ya mkutano wowote wa baraza. Nakala iende kwa afisa wa afya ya umma, kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, kwa hiyo barua yako ieleze pia watu hawa watateka wapi kuanzia kesho. Kisima kikifungwa bila tangi mbadala, kufuli huvunjwa wiki hiyohiyo, na safari hii watu huteka usiku.

Rudia kupima vina na kuuliza maswali matatu ya maji mwezi wa Juni, masika yakiisha, na tena mwezi wa Februari wakati wa kiangazi cha kaskazi. Masika huinua maji hadi yakagusa mashimo ya vyoo na udongo uliolowa mafuta. Kiangazini bomba hukatika zaidi, na visima vilivyokuwa vya kufulia hugeuka kuwa vya kunywa.